Mvua ziko mlangoni: nani anaiba bandani, na kazi ipi itangulie?

Jembe Dogo

Wakuu, salaam. Mvua zimebakiza kama wiki tatu na kazi ni nyingi kuliko jioni zilizopo, kwa hiyo naomba mnisaidie kupanga.

Shamba ni ekari moja, la kushughulikia jioni na mwisho wa wiki. Kuna kuku wa kienyeji 40 kwenye banda la mita 3 kwa 3, ukuta wa matofali hadi kiunoni na juu yake waya wa kuku wa kawaida, sakafu ya udongo. Kuna mbuzi 6, na mizinga 3 mitupu ya sanduku, ile yenye viunzi juu, imening'inizwa mwisho wa shamba.

Matatizo ni haya. Mayai yanapotea mchana, na maganda mengine yanakutwa chini ya jiwe la kunolea panga. Usiku mmoja wamekufa kuku wawili: mmoja hana kichwa na mzoga umeegemea waya kwa ndani, mwingine ana majeraha shingoni. Nyuma ya banda, chini ya ukuta, kuna kishimo kimeanza kuchimbwa. Jirani anashauri kutega nyama yenye sumu. Pia siafu hupita hapa kila mvua zinapoanza, na kuna kuku wawili wanaatamia.

Nianze na lipi? Na hilo la sumu mnasemaje?

Msoma Nyayo

Mkuu, kabla ya kununua chochote tenganisha hizo kesi. Una wezi wawili, pengine watatu, na dawa ya mmoja haimgusi mwingine.

Mayai ya mchana na maganda chini ya jiwe: huyo ni nguchiro. Yai ni nene kwa taya zake, kwa hiyo hulishika kwa miguu ya mbele, hulipa jiwe mgongo, kisha hulirusha kwa nyuma kupitia katikati ya miguu hadi lipasuke. Ndiyo maana maganda yako yamekusanyika sehemu moja. Panya haachi alama hiyo; yeye hutafuna tundu pembeni, kingo zake zina vijino vidogo vidogo, na utakuta kinyesi chake jirani. Nyoka mla mayai, ambaye hana sumu, humeza yai zima, hulipasulia kooni, halafu hutema ganda likiwa limejikunja kama karatasi iliyofinywa kiganjani. Swila humeza na haachi ganda. Kenge utamjua kwa mburuzo wa mkia uliopita katikati ya nyayo. Na usimsahau kuku mwenyewe: kiota kikiwa kimelowa ute wa njano, na kuna mtetea mwenye ute uliokauka mdomoni, mwizi analala humo humo.

Kuku asiye na kichwa ni kesi nyingine. Aliyemuua huenda hakuingia kabisa. Waya wa kuku una matundu ya sentimita 2.5 au zaidi, na kanu au paka pori hupenyeza mkono. Kuku akishtuka gizani hujirusha kwenye waya, kichwa kikitokeza tu kimeshavutwa. Kaangalie fito ya kulalia iko umbali gani na waya. Nina hakika haifiki sentimita 30.

Kishimo ndicho kinachonitia wasiwasi. Kikiwa na upana wa ngumi na kuna harufu kali inayokaa puani, ni kicheche (wengi huwaita wote kicheche, nguchiro na kanu pamoja, ndiyo maana ushauri huchanganyika). Kikiwa kipana na udongo umetupwa mbali kwa nyuma, ni mbwa. Mbwa akiingia huua wengi, huwatawanya na hali kitu. Majeraha huwa mgongoni na mapajani, si shingoni.

Ili usibahatishe, chekecha majivu makavu na uyatandaze ukanda wa nusu mita kuzunguka banda saa 12 jioni. Yasome alfajiri kabla kuku hawajatolewa. Kanu ana nyayo ya duara, vidole vinne, na kwa kawaida kucha hazionekani kwa sababu huzikunja. Nguchiro na kicheche huacha vinukta vya kucha mbele ya vidole, na kwa kicheche vinukta vya miguu ya mbele viko mbali kabisa na kidole, maana kucha zake ni ndefu za kuchimbia. Fanya siku tatu mfululizo.

Kuhusu sumu: usiiweke, tafadhali. Nyama ile haichagui. Ataila mbwa wa jirani, ataila mwewe, na mzoga utaliwa na mwingine tena. Sumu ya panya nayo ni vilevile: panya aliyeila hafi papo hapo, huzubaa siku kadhaa, na ndiye bundi anayemkamata kwa urahisi. Ukimpoteza bundi, panya wanaongezeka, na panya ndio wanaoleta nyoka bandani. Isitoshe, nchi nyingi huwalinda wanyama hawa kisheria, na kutega sumu ni kosa. Kuku wako hawaliwi kwa sababu wanyama ni wengi. Wanaliwa kwa sababu banda lina matundu.

Fundi Seng'enge

Naunga mkono hapo juu. Waya wa kuku kazi yake ni kumzuia kuku asitoke, haujatengenezwa kumzuia mnyama asiingie. Unachohitaji ni wavu wa nyaya zilizochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi, uliopakwa zinki. Usinunue wa matundu ya inchi moja kwa kuwa ni rahisi. Mkono wa kanu unapita.

Banda lako lina mzunguko wa mita 12. Fanya kazi mbili, juu na chini.

Juu: usiutoe waya wa zamani, piga wavu mpya kwa nje yake. Tumia misumari ya seng'enge kila sentimita 10, halafu juu yake gandamiza kwa ubao mwembamba uliopigiliwa misumari ya kawaida. Ubao huo watu huuruka na ndipo kazi inapoharibika: mnyama akivuta wavu, msumari mmoja mmoja hung'oka, lakini ubao hugawa nguvu kwenye misumari yote. Panda hadi kwenye paa, na ule uwazi kati ya ukuta na bati usiuzibe kwa matofali. Upige wavu, kuku wanahitaji hewa. Fito za kulalia zisogeze sentimita 40 kutoka kwenye waya. Kuku 40 wanahitaji kama mita 8 za fito, sentimita 20 kila mmoja, kwa hiyo fito tatu za mita 2.7 zinatosha.

Chini: hapa ndipo penye siri. Watu huchimba mtaro wa sentimita 30 wakaufukia wavu wima. Inafanya kazi, lakini ni jasho jingi, na kwenye udongo wenye mawe utakata tamaa kabla ya kona ya pili. Njia nyepesi ni kuutandaza. Chukua wavu wa upana wa sentimita 90, ukunje uwe herufi L: sentimita 40 zipande ukutani, sentimita 50 zilale ardhini kuelekea nje. Mnyama anayechimba huanzia pale pale ukuta unapokutana na ardhi. Akikuta wavu atasogea kulia, atasogea kushoto, lakini hana akili ya kurudi nyuma nusu mita na kuanza upya.

Vipimo: mita 12 za kuzunguka. Kwenye kona nne utabaki na pembe tupu, kila moja inataka kiraka cha sentimita 50 kwa 50, ambavyo ni mita 2 zaidi za roli. Ongeza mwingiliano wa sentimita 10 kila panapoungwa. Nunua mita 15. Viungo vifunge kwa waya wa kufungia nondo kila sentimita 10. Kona zisizotiwa kiraka ndizo kosa la kwanza ninaloliona kwenye mabanda, na mnyama huzikuta usiku wa kwanza.

Ukingo wa nje ubanwe kwa kulabu za nondo ya milimita 6. Kata vipande vya sentimita 35, kunja sentimita 5 za juu, pigilia kila nusu mita. Ukingo wako wa nje utakuwa mita 16, kwa hiyo kulabu 32, yaani mita 11 na kidogo za nondo. Fyeka nyasi ziwe fupi kabisa kabla ya kutandaza ili wavu ulale. Ukiacha matuta utakwaa kila siku, na jembe litaunasa. Mvua ikianza nyasi zitapenya matunduni na mizizi itaushika wavu kama zulia. Ndiyo maana kazi hii inataka kufanywa sasa, kabla nyasi hazijaota.

Mlango: uwazi chini ya mlango usizidi sentimita 1. Weka kizingiti cha ubao mgumu, na upige bati sehemu ya chini ya mlango kwa ndani na nje, maana ubao ulioloa hutafunika. Komeo moja halitoshi; weka mawili, juu na chini. Mlango wenye komeo moja katikati huachia pembe ya chini ukisukumwa.

Jembe Dogo

Asante sana wakuu. Majivu ya usiku wa kwanza yameonyesha vinukta vya kucha ndefu kwenye kishimo, na nyayo za duara juu ya ukuta. Fito ilikuwa sentimita 15 kutoka kwenye waya.

Maswali mawili. Banda liko kwenye mteremko kidogo: huu wavu wa kutandaza hautazuia kuchimba mtaro wa maji? Na nguchiro wa mchana afanyweje, wakati kuku wanatembea nje?

Fundi Seng'enge

Mtaro uchimbe upande wa juu wa mteremko, nje ya ukingo wa wavu. Yaani uwe mita 1 kutoka ukutani: nusu mita ya wavu, nusu mita ya udongo mgumu, kisha mtaro. Upana sentimita 30, kina sentimita 20, na uushushe sentimita 1 kwa kila mita ili maji yaende bila kukimbia na kula udongo. Udongo uliotoka uutupe upande wa chini wa mtaro, upande wa banda, na uushindilie uwe tuta. Watu huutupa upande wa juu, halafu mvua ya kwanza inaurudisha wote ndani.

Nguchiro hataki wavu, anataka ratiba. Kuku wengi hutaga asubuhi. Wafungulie saa 4 au 5 baada ya kutaga, okota mayai mara mbili kabla ya saa 8 mchana, na viota viwe ndani ya banda si vichakani. Kiota kimoja kwa kuku watano, sentimita 30 kwa 30, chenye pazia la gunia mbele. Gizani kuku hutulia na yai halionekani. Lile jiwe la kunolea liondoe. Vifaranga ndio wasitoke bila kizimba hadi wafikishe wiki 8, si kwa ajili ya nguchiro tu, hata mwewe na kunguru.

Mama Mizinga

Mwanangu, umeulizia siafu na hakuna aliyekujibu.

Siafu hawaji kwa sababu banda ni chafu. Ardhi ikilowa wanahama na kuwinda, na njia yao ikipita bandani wanaingia. Kuku anayetembea ataruka na kuondoka akipata pa kutokea. Anayekufa ni yule anayeatamia, kwa sababu hataki kuacha mayai, na vifaranga. Hao wawili wako ndio wa kuwawahi.

Banda lako limejengwa chini, kwa hiyo huwezi kulizuia lote. Mzuie kuku mmoja mmoja. Kila anayeatamia mtengenezee sanduku lenye miguu minne, na kila mguu uusimamishe kwenye kopo lenye maji na oili kidogo juu. Sasa sikiliza panapoharibika. Kopo likiwa mahali panapovuja mvua, maji hujaa, oili huelea, humwagika nje, na unabaki na kopo la maji ambalo nyasi moja iliyoanguka inatosha kuwa daraja. Kata kipande cha bati cha duara, kipana kuliko kopo, kitoboe katikati na ukivishe mguuni kama kofia, sentimita 5 juu ya kopo. Kila jioni pitisha mkono kuzunguka sanduku: hakuna jani, uzi wa gunia, wala utando wa buibui unaogusa ukuta. Sanduku likigusa ukuta hata kwa kidole, makopo yote manne ni bure.

Majivu yanasaidia yakiwa makavu tu. Mstari wa upana wa sentimita 20 kwenye kizingiti, kwa ndani chini ya paa, utakaa. Nje, tone la kwanza la mvua limeumaliza. Oili chafu ardhini usimwage. Inaharibu udongo na kuku wanadonoa hapo.

Wakishaingia usihangaike kuwafagia wala kuwamwagia maji, watatawanyika na kupanda kila kitu. Fungua mlango, toa kuku kwa tochi uwapeleke kwingine, na waache siafu wapite. Wakiondoka utakuta hawajabakiza mende, wala utitiri, wala vitoto vya panya. Mbuzi usimfunge kamba usiku majira haya. Mbuzi aliyefungwa hana pa kukimbilia, wakija siafu au hata nyuki.

Na kwa kuwa umetaja nyuki: mizinga mitupu ishughulikie sasa, maana maua yakifunguka makundi yataanza kutafuta nyumba. Toa masega yaliyoliwa na nondo wa nta uyachome, kwangua ndani, fukiza kwa moshi wa nyasi kavu. Viunzi viwe na upana wa milimita 32. Vikiwa vipana zaidi, nyuki wa kwetu huvusha sega kutoka kiunzi kimoja hadi kingine, na siku ya kurina unavunja kila kitu. Paka nta safi mstari mmoja katikati ya kila kiunzi, na kidogo kwenye mlango. Harufu hiyo ndiyo inayowaita. Ning'iniza kwa waya, mita 1.5 kutoka ardhini, mbali na shina la mti, vinginevyo nyegere atapanda na kuuangusha. Waya uupake grisi sentimita 15. Mizinga na zizi viachane mita 100 kama eneo linaruhusu. Na nyasi za chini ya mizinga zifyekwe jioni kwa panga, kamwe si kwa mashine. Mlio na mtetemo huwatoa nyuki wote nje.

Zizi Safi

Nyongeza fupi, kwa sababu wote wameshughulika na meno wakasahau magonjwa. Kideri huua banda zima kwa wiki moja, hakuna kicheche anayefika hapo. Chanjo yake iitwayo I-2 ni tone moja kwenye jicho moja, kuku wa umri wote, hata kifaranga wa siku moja, kisha kurudia kila baada ya miezi 3 au 4. Mwili unahitaji wiki 2 hadi 3 kujenga kinga, kwa hiyo kwa wiki tatu ulizobakiza, hii ni kazi ya kesho. Shika kuku jioni wakiwa kwenye fito, mmoja anashika na mwingine anadondosha, na usimwachie hadi apepese jicho. Anayeonekana mgonjwa usimchanje. Chanjo si tiba.

Matandiko: toa yote ya zamani, paka kuta chokaa, na miisho ya fito ipake mafuta ya taa, maana utitiri hujificha pale fito inapokaa kwenye ukuta. Acha fito zikauke na harufu iishe kabla kuku hawajalalia. Kisha maranda makavu sentimita 8. Kwa mita za mraba 9 ni magunia 7 au 8 ya lita 100. Mvua zikianza, kila siku kamata konzi moja chini ya chombo cha maji uiminye: ikibaki bonge, badilisha sehemu hiyo siku hiyo hiyo. Maranda mabichi ndiyo yanayoleta kuhara damu kwa vifaranga wa wiki 3 hadi 6.

Mbuzi: punguza kwato sasa, kabla ya tope. Majani mabichi ya kwanza usiwaachie kwa pupa. Wape nyasi kavu asubuhi ndipo watoke, na uongeze muda wa malisho taratibu kwa siku 7 hadi 10, la sivyo tumbo litajaa gesi. Watoke umande ukishakauka. Funua kope la chini kila wiki mbili: likiwa jekundu yuko salama, likipauka kuelekea weupe ana minyoo inayonyonya damu, huyo ndiye wa kupewa dawa. Ukiwanywesha wote kila mara, minyoo huizoea.

Jembe Dogo

Mpangilio nilioupata: kesho chanjo, mwisho wa wiki hii wavu wa chini na fito, wiki ijayo wavu wa juu, matandiko na masanduku ya wanaoatamia, ya mwisho mtaro na mizinga. Kufyeka shamba zima nikuweke lini?

Msoma Nyayo

Mtaro usiwe wa mwisho, mkuu, uchimbe mwisho wa wiki hii pamoja na wavu wa chini. Mvua ikiwahi siku tano, udongo utakuwa tope na maji yatakuwa yameshaingia bandani. Mizinga inaweza kusubiri.

Kufyeka fanya sasa, ndege hawajaanza kutaga nyasini. Ukichelewa mwezi mmoja utakata viota vya kware na kanga. Anzia katikati ya shamba uende nje, ili kobe, sungura na nyoka wapate pa kukimbilia. Ukianza pembeni unawakusanya katikati na panga la mwisho linawakuta wote. Moto usitumie. Ukanda wa mita 3 kuzunguka banda uwe mfupi kama uwanja wa mpira, lakini kwenye mpaka wa mbali acha mita 2 za kichaka bila kuguswa. Nguchiro akiwa na panya na panzi huko, ana sababu chache za kuvuka ule uwazi mchana.

Na mapipa ya maji ya mvua: weka ubao wa mshazari ndani ya kila pipa lisilo na mfuniko, kutoka majini hadi ukingoni. Bundi na mijusi huzama humo wakifuata maji, na maji yanaoza kabla hujajua.

Ukiwa unafyeka, vaa buti, na usiingize mkono kwenye kiota cha kuku bila kumulika kwanza. Vitunguu saumu na naftalini havimzuii nyoka, usivitegemee. Akimtemea mtu sumu machoni, osha kwa maji mengi safi muda mrefu bila kusugua, kisha hospitali. Akimuuma mtu, usikate wala kufunga kamba ya kubana. Mtulize asitembee, vua pete na viatu kabla kiungo hakijavimba, na mpeleke hospitali upesi.

Jembe Dogo

Nimeelewa, mtaro unapanda juu ya orodha. Naenda kununua mita 15 za wavu na nondo leo jioni.

Fundi Seng'enge

Kabla hujalipa, pima matundu kwa rula pale pale dukani. Nusu inchi ni milimita 12 au 13. Na kwaruza zinki kwa ukucha pembezoni mwa roli: ikitoka kama vumbi, wavu huo utaoza ardhini mapema, chagua mwingine.